Vipande Kumi vya Mche Mmoja

Yoba, Gitega
4 Machi 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiomba barua hii ikukute mzima na goti lako la kushoto liwe limekuhurumia na mvua hizi. Sisi hapa Yoba hatujambo. Prosper ameota meno mawili ya chini na anamng'ata kila anayembeba. Letisia yuko Mutoyi kwa mama yake, amekwenda kumsaidia kupanda maharage, kwa hiyo mimi na mtoto tunajipikia. Mtoto halalamiki. Anayelalamika ni jirani, kila ninapounguza sufuria.

Utashangaa kupata barua siku hizi za simu. Lakini simu yako inaita mpaka inakata, wiki ya tatu sasa, na nikimpigia fundi cherehani Layla pale sokoni anasema "shangazi yako iko mzima" halafu anakata. Basi nimempa Uthmani wa basi dogo, akuletee mkononi.

Nadhani hupokei kwa sababu ya yale mazungumzo yangu ya redioni. Naomba nikueleze yalivyokuwa. Kituo chetu cha utafiti kinachunguza jambo moja: je, nchi inaweza kumpa kila mtu mzima fungu la pesa kila mwezi, tajiri kwa maskini, bila kumuuliza ana nini wala hana nini? Na pesa hiyo itoke wapi? Sisi tumependekeza kodi mpya ndogo ndogo zinazokaa ndani ya bei ya vitu: sabuni, sukari, bia, vocha za simu. Mtu analipa kidogo kidogo kila anaponunua, kisha mwisho wa mwezi anarudishiwa fungu lake. Anayenunua vingi analipa vingi, lakini mafungu yanalingana. Mwenye kununua kidogo ndiye anayebaki na faida. Hilo tu ndilo nililotaka watu walielewe.

Ule mfano nilioutoa, wa mama anayeuza sabuni lakini nguo zake anafulia majivu ya maganda ya ndizi ili asiule mtaji wake, niliutoa kwa nia njema. Sikukutaja jina, Shangazi. Nilisema tu "ndugu yangu mmoja wa Muyinga." Watu wengi wameniambia uliwagusa sana.

Natamani ningekuja mwenyewe, lakini kazi zimenibana. Tangu Krismasi ya mwaka juzi sijapata nafasi ya kufika Muyinga.

Naomba unijibu, hata mstari mmoja.

Ni mimi mwanao,
Adriano

*

Muyinga
29 Machi 2024

Adriano mwanangu,

Barua yako imenifikia jana. Uthmani alikaa foleni ya petroli siku nne, kisha gari likaharibika, kisha akaisahau chini ya kiti pamoja na viatu vya mtu. Ameniletea ikinuka samaki. Nimeisoma hivyo hivyo.

Goti linaniuma. Mbuzi amezaa pacha, mmoja akafa. Kanisani wamepaka rangi mpya, ya bluu, inaumiza macho. Mwambie Letisia nimefurahi kusikia habari za meno, na asimpe mtoto kidole, ampe kipande cha muwa.

Sasa tuje kwenye lako. Unasema hukunitaja jina. Mwanangu, hapa Muyinga ni mama gani mwingine aliyerudi kutoka makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, anauza sabuni sokoni, na ana mtoto wa kaka yake aliyesoma hadi akaingia redioni? Hata ungesoma namba ya kitambulisho changu, usingenitaja zaidi ya hapo.

Nitakwambia ilivyokuwa. Layla aliweka redio juu ya cherehani yake, akaita soko zima: njooni mumsikie Adriano wetu. Nilivaa kitenge changu kipya siku ile. Nilikaa mbele. Ulipoanza kusema kuhusu kodi ya sabuni, na kuuliza kama akina mama wa Burundi wangekubali kulipa kidogo zaidi kwenye kipande ili mwingine apate riziki, wakacheka. Mara nikasikia majivu. Nikainuka, nikaacha kigoda, nikaacha waya wangu wa kukatia sabuni, nikarudi nyumbani. Kicheko chao kilinifuata mpaka kwa wauza nyanya.

Miaka kumi na mitano hakuna aliyejua habari ya majivu isipokuwa wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukiyachekecha. Nilikutuma utotoni, sikukutuma redioni.

Na unajua walichofanya? Jioni wakaanza kuja. Mmoja mmoja, na kipande cha sabuni mkononi. "Mama Gaudensia, pokea." Kwetu mtu akikuletea kitu mlangoni hukikatai, unakipokea kwa mikono miwili. Nimepokea vipande thelathini na kimoja. Vyote vimekatwa na waya wangu, maana walivinunua kwangu. Sijafungua meza tangu siku hiyo. Nina sabuni tele na siwezi kunawa nayo uso.

Kuhusu kodi yako: hesabu yako nimeielewa, usidhani mimi ni mjinga. Mwenye kununua miche kumi ya sabuni analipa mara kumi yangu, kisha tunagawana sawa. Ni sawa kwenye karatasi. Lakini bei inapanda Jumatatu asubuhi, mteja akiwa na sarafu yake mkononi. Fungu lako linafika lini? Nani analileta, na likipotelea njiani tutamshika nani shati? Anayenunua kwa kipande anaumia leo. Tajiri ana sabuni ya mwezi mzima kabatini.

Nina swali moja, na nataka ulijibu vizuri. Mara ya mwisho ulifika Muyinga lini?

Shangazi yako,
Gaudensia

*

Yoba, Gitega
2 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Pokea salamu zetu, pamoja na za mama mkwe Emiliana, aliyefika juzi na debe la viazi na maneno mengi. Anasema mtoto amekonda. Mtoto ni mzito kuliko debe lenyewe. Pole kwa mbuzi.

Barua yako nimeibeba mfukoni mwezi mzima. Nilianza kukujibu mara tatu, na mara zote tatu niliandika kuhusu kodi tu. Nitaanza na hiyo hata leo, unisamehe, ndiyo rahisi.

Maswali yako ndiyo yale yale aliyotuuliza mkurugenzi. Tulipojumlisha sabuni, sukari, bia na vocha, fungu la mtu mzima mmoja lilikuja kama bei ya miche mitatu ya sabuni kwa mwezi. Mkurugenzi akasema hiyo si riziki, hiyo ni nauli. Tena wanaolima na kula cha kwao hawanunui vingi, na wauzaji wengi hawaandiki risiti, kwa hiyo hata hiyo miche mitatu ina mashaka. Mimi nilibisha. Nilisema miche mitatu kwa mtu asiye na kitu ni kitu. Bado naamini hivyo. Lakini mbele ya kipaza sauti niliona hesabu yangu haimgusi mtu, wenzangu mezani wanaangalia saa. Hesabu iliposhindwa, nikawapa majivu yako. Wakanyamaza wote. Nilijisikia hodari sana, Shangazi, kwa muda wa kama dakika tano.

Sasa swali lako. Nilikudanganya. Nilifika Muyinga tarehe 18 Januari mwaka huu.

Tulikuja na gari la ofisi, watu wanne, kuandika bei za sokoni. Nilikuwa nimekaa nyuma upande wa dirisha. Tulipita mbele ya meza yako polepole kwa sababu ya mikokoteni. Ulikuwa unakata mche, umeinama, na ile sweta ya kijani yenye kiwiko kilichotoboka. Mwenzangu mmoja, Fredi, akasema, "Tushuke hapa, tumuulize yule mama bei ya kipande." Nikasema hapana, tumuulize yule wa pili, Longino, ndiye mwenye mzigo mkubwa. Wakashuka wakamuuliza Longino. Mimi nikabaki ndani ya gari, nikajifanya natafuta kalamu.

Sikuwa na haraka. Sikuwa na sababu. Niliona aibu kushuka na kusema mbele yao, "Huyu ndiye aliyenilea." Kisha mwezi uliofuata nikaenda redioni kuwaeleza unavyofua nguo zako. Nimejaribu kuyaweka mambo hayo mawili pamoja yaonekane ni ya mtu mmoja mwenye akili timamu. Nimeshindwa.

Sistahili unijibu. Lakini fungua meza yako, nakuomba. Usife njaa kwa sababu ya mdomo wangu.

Adriano

*

Muyinga
21 Mei 2024

Adriano,

Hatujambo. Mbuzi aliyebaki anakua.

Nilikuona. Gari jeupe, dirisha la nyuma, kichwa kimeinama. Nilikijua kichwa hicho kabla hakijaota nywele. Nilingoja uandike mwenyewe, na umeandika. Tuliache hapo kwanza, maana nami nina langu, na nikilisema nawe ukiwa na lako labda litanipunguzia uzito.

Wiki iliyopita nilivitoa vile vipande thelathini na kimoja nivifungie kwenye gunia, nisivione. Nikapanga kumi mezani kwa safu, pembeni ya mche mzima uliobaki. Vikafika mwisho sawasawa. Kumi.

Labda hujanielewa. Mche unakatwa vipande vinane. Soko lote linakata vinane, Longino anakata vinane, na bei ya kipande ni bei ya vinane. Mimi nakata kumi na nauza kwa bei ile ile. Waya mwembamba, mkono mwepesi, nani atajua. Bei ya vipande viwili vya kila mche ilikuwa yangu, na vipande vyenyewe vilikuwa havipo.

Nilianza mwaka ulioingia sekondari. Karo ilikuja, daftari likaja, sare ikaja, na mtaji ulikuwa katoni moja. Nikasema nitafanya muhula mmoja. Ukasoma miaka sita, ukaenda chuo. Umesomeshwa na akina mama wa Muyinga, Adriano, mmoja mmoja, kila siku ya kufua, bila kuulizwa. Hiyo kodi yako inayokaa ndani ya bei, mimi niliitoza kabla hujaijua jina lake. Na fungu lote lilikwenda kwa mtu mmoja.

Kwa nini nilifulia majivu? Wewe uliwaambia ni kwa ajili ya mtaji. Sababu ilikuwa ni aibu. Kipande nilichokuwa nimekipunja sikuweza kukipaka kwenye nguo zangu wala mwilini mwangu.

Na bado sijamaliza. Ulipopata kazi sikurudi kwenye vinane. Nilisema nitarudi mwezi ujao. Mkono ulishazoea. Ni mwaka wa tatu sasa nakata kumi na hakuna mtoto shuleni. Wao wakaja mlangoni kwangu na vile vile vipande vyembamba, kunionea huruma, nami nikavipokea kwa mikono miwili.

Usinipigie simu. Siwezi kulisema hili kwa sauti.

Gaudensia

*

Yoba, Gitega
12 Juni 2024

Shangazi,

Sisi wazima. Letisia anakusalimu, sijamwambia lolote, lakini ameniona sili na amebaki kuniangalia.

Redio wameniita tena. Wanataka kipindi cha pili: kama wananchi wangekubali kodi ya namna hiyo. Nimewaambia naumwa. Kila nikifikiria nitakachosema naona mikono ya watu ninaowafahamu ikihesabu sarafu juu ya meza yako, nami nikipita pembeni na sare mpya, nikienda shule, bila hata kuwatazama. Sare ile niliipenda sana.

Nifanye nini? Nije niseme mbele yao kwamba ni mimi niliyekula? Au nikirudi na hilo nitakuwa nimekuaibisha mara ya pili? Sitafanya lolote bila ruhusa yako. La kwanza nililifanya bila ruhusa na umeona.

Chukua wiki unazotaka. Nitakuwa namngoja Uthmani kituoni kila Ijumaa.

Mwanao,
Adriano

*

Muyinga
8 Julai 2024

Adriano mwanangu,

Salamu za kiangazi. Vumbi limeingia hadi kwenye chumvi. Goti limepata nafuu kwa jua, na mbuzi wako, nimempa jina lako kwa kuwa anapenda kuinamisha kichwa, amekula nusu ya ufagio.

Nimefungua meza. Jumatatu iliyopita nilivaa ile sweta ya kijani makusudi, nikaenda, nikaomba waya kwa Longino maana wangu walikuwa wamenitunzia lakini sikutaka kuuliza. Nikakata mche wa kwanza. Vinane. Kila kipande nilikipima kwa macho mara mbili, kama mtu anayejifunza.

Layla ndiye aliyekuja wa kwanza. Akachukua kipande, akakiweka kwenye kiganja, akakipandisha na kukishusha.

"Mama Gaudensia, ile kodi imeshuka?"

Nikasema ndiyo, imeshuka. Mungu anisamehe, nilidanganya hapo hapo, bila hata kumeza mate.

Layla akaanza kucheka. Unamjua anavyocheka, mwili mzima, pini zikimdondoka. Akavuta kigoda akakaa. Akasema, "We unafikiri sisi iko vipofu? Longino si iko hapa pembeni, anakata nane? Juu ya nini tulikuwa tunapita kwake tunakuja kwako?"

Niliuweka waya mezani.

"Tulijua tangu ile siku ya kwanza," akasema. "Tulipima na kidole. Mama yangu marehemu akasema, mwacheni, iko na mtoto wa marehemu kaka yake, anataka masomo. Bon, basi tukaacha. Kila mtu akaambia mwenzake. Ulipomaliza masomo ya mtoto tukangoja urudishe nane. Hukurudisha. Tukasema labda mtoto iko bado anasoma ulaya. Tuliona haya kukuuliza."

Adriano, nilikaa chini, kwenye mavumbi, katikati ya soko, mtu mzima mimi.

Nikamuuliza basi siku ile ya redio mlinichekea nini. Akanitazama kama vile nimerukwa na akili. "Wewe? Nani alikucheka wewe? Tulimcheka Adriano. Anauliza kama sisi tunaweza kukubali! Mtoto tumemlipia miaka yote, anatuuliza kama inawezekana!" Kisha uso wake ukabadilika. Akasema waliendelea kucheka hata ulipotaja majivu, mpaka ulipofika kwenye kufua, ndipo soko likanyamaza, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka. "Ile ya mtoto tulikuwa tunajua. Ile ya majivu hatukujua. Tulifikiri na wewe ulikuwa unafua na ile sabuni. Hapo ndipo sisi tuliona haya." Ndiyo maana walileta vipande. Si huruma. Walikuwa wanajilaumu kwamba hawakutazama nguo zangu.

Nimewarudishia. Kila anayekuja namkatia kimoja cha ziada, kwa miaka ile mitatu ya mwisho, hiyo siyo yako, ni yangu peke yangu. Wengine wanakataa. Nawafukuza nacho mpaka njiani. Longino anasema nimeharibu biashara ya soko zima.

Kwa hiyo swali la redio yenu nitakujibu mimi. Wanakubali. Lakini wangu walimjua mtoto kwa jina na kwa sauti, na walimwona akipita asubuhi. Na hata hivyo aliyekuwa akitoza alisahau kuacha. Waeleze hayo mawili kwanza, kisha hizo hesabu zako. Jina langu unaweza kulitaja.

Lakini kabla ya redio, njoo. Njoo na Letisia na mtoto, kwa basi la Uthmani, usije na gari la ofisi. Utaanzia mlango wa soko upande wa cherehani, utatembea kwa miguu, na utasalimia. Hutaanza na mimi, mimi utanisalimia mwisho. Majina nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, ni thelathini na matatu. Thelathini na mmoja ni wale walioleta sabuni. Wawili hawakuleta kwa sababu wameshafariki, mmoja ni mama yake Layla. Hao tutakwenda pamoja makaburini.

Shangazi yako,
Gaudensia

Zawadi lete chochote utakachopata huko. Sabuni usilete.